Barua nzuri iliyonyamazisha pampu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Everlyne Natabo anafunga mlango wa nyumba yake mtaani Kiwanjani, mjini Isiolo, mkoba wa kompyuta begani na simu sikioni. Kila siku ni hivyo. Kabla hajaonja chai, kabla hajajibu salamu ya jirani, kwanza ampigie mama yake.

Simu hailii mara mbili. Mama anapokea papo hapo, na sauti yake si ya mtu aliyetoka kuamka.

"Ejoka, mama. Uko wapi?"

"Niko kwa laga. Bado nachimba."

Nyuma ya sauti hiyo kinasikika kikombe cha bati kikikwaruza mchanga wa mto mkavu. Wanaongea Kiturkana maneno mawili matatu, kisha simu inakatika. Everlyne anaitia simu mkobani na kushika njia ya kibandani.

"Akipokea haraka hivyo, siku yangu inaharibika mapema," anasema. "Najua ameamka tangu saa tisa. Kama hangeamka, wengine wangemaliza maji."

Mama huyo anaitwa Nakolong. Amevuka miaka sabini, na kwa miaka mitatu sasa anaishi kwa dada yake, kilomita thelathini kutoka nyumbani kwake, ambako maji ni ya kuchimbwa kwa mikono katika mchanga wa mto uliokauka. Unachimba, unangoja yatoe, unachota kikombe kimoja kimoja. Bintiye, aliye mjini na mfereji uani, anaamini kwamba mama yake yuko huko kwa sababu ya barua. Barua hiyo aliiandika yeye mwenyewe, na kwa Kiingereza kizuri kabisa.

Everlyne, mwenye umri wa miaka 43, huandika barua za watu. Kibanda chake ni meza moja, kompyuta moja na printa moja yenye kikohozi, kwenye kibaraza cha duka la nguo la Mulki, kando ya barabara kuu iendayo Marsabit. Barua ya kuomba kazi ni shilingi mia moja na hamsini. Siku nzuri hupata wateja wanane, siku mbaya wawili, na siku za malipo ya karo wanakuja wengi lakini wote wanaomba kupunguziwa. Ameifanya kazi hii kwa miaka kumi na saba, tangu ofisi alimokuwa mpigachapa ilipoamua kwamba kila karani ajipigie mwenyewe.

Saa mbili unusu anafika mteja wa kwanza. Ni Golicha, kijana Mborana aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Anaomba kazi ya msaidizi wa chanjo ya mifugo.

"Habari ya asubuhi, dada. Niwekee efficient, effective, hardworking na result-oriented. Zote."

"Zote za nini? Unaomba kazi ama unafungua duka ya maneno?"

Golicha anacheka. Everlyne anatoa mikono juu ya kompyuta na kuiweka mapajani. Wateja wake wa siku nyingi wanaijua ishara hiyo. Hapigi hata herufi moja kabla mtu hajasimulia kazi yake kwa mdomo, na swali lake huwa ni lile lile.

"Kabla ufike huko ilikuwa aje, na vile uliondoka ilibaki aje?"

"Tulichanja mbuzi."

"Mlichanja na nani?"

"Sisi tu."

"Ofisi haiandiki sisi, Golicha. Itaandika wewe."

Kijana anajikuna kichwa. Polepole anafunguka kwamba kwa misimu miwili alikuwa akibeba sanduku la barafu kwenye pikipiki yake, akiwafuata wafugaji kule ambako gari la serikali lilikuwa likikwama. Everlyne anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mbuzi wangapi?"

Golicha anageuza uso na kutazama barabara, mithili ya mtu ambaye hakusikia.

"Walikuwa wengi."

"Wengi kiasi gani?"

"Dada, mifugo ya watu haihesabiwi na mdomo. Wewe pia unajua."

Everlyne anajua sana. Kwa wafugaji wengi wa huku, Waborana na Waturkana vilevile, kutaja idadi ya wanyama ni kuwaitia mkosi. Mwenyewe huwajua kwa rangi, kwa pembe na kwa mama zao. Mmoja akipotea, anaona pengo lake bila kuhesabu wengine. Kwa hiyo halazimishi. Anauliza kwa njia ya pembeni.

"Chupa za dawa mlikuwa mnatupa?"

"Hapana! Chupa tupu lazima irudi ofisi."

"Zilirudi ngapi?"

"Arobaini na moja," Golicha anajibu hapo hapo, kifua mbele.

"Na kila chupa ni ya mbuzi mia."

"Hiyo mia sijasema mimi. Imeandikwa kwa chupa."

Ndani ya duka, Mulki anaangua kicheko. Everlyne naye anacheka, lakini bado mikono iko mapajani.

"Na baada ya kuchanja?"

"Ule mwaka ugonjwa haikuingia kwetu. Iliingia kwa majirani, ikaturuka."

Hapo ndipo mikono inaporudi kwenye herufi. "Sasa hiyo ndiyo effective," anamwambia. "Nakuwekea hiyo moja, na chupa zako arobaini na moja. Hizo zingine zikae kwa kamusi."

Golicha anaondoka na karatasi mbili ndani ya bahasha, akionekana kama mtu aliyetaka kilo nzima akapewa robo, lakini ya nyama safi.

Ukimuuliza Everlyne tofauti ya maneno hayo, hakupi darasa la sarufi. Anakupeleka kisimani. Kuna mtu ananywesha mbuzi, anasema, anamwaga nusu ya kila ndoo, anahangaika mpaka jioni, lakini mbuzi wote wamekunywa. Huyo ni "effective", kwa sababu jambo limetimia. Kuna mwingine ana ndoo chache, hamwagi hata tone, saa sita amemaliza. Huyo ni "efficient". Ametumia kidogo.

"Lakini huyo wa pili anaweza kumaliza saa sita na nusu ya mbuzi bado wana kiu," anaongeza. "Na bado atakuwa efficient. Hiyo neno haiulizi kama mbuzi wamekunywa. Inauliza umetumia ndoo ngapi."

Ana daftari la shule lenye jalada la bluu ambamo amejaza kurasa nne za maneno ya aina hiyo, yote yakihusu kupata matokeo. Neno "efficacious" ameliwekea alama ya kidonge, maana hulitumia kwa dawa tu. "Accomplish" ni ya kazi iliyokuwa na mwanzo na mwisho. "Manage" huiandika kwa shingo upande, kwani anaona inanuka jasho na kubahatisha. Kamusi ya Kiswahili, analalamika, humpa "ufanisi" kwa karibu yote na kumwacha ajitafutie.

Siku hizi vijana wengi wanaandikiwa barua na simu zao. Everlyne haoni wivu, ila anasikitika. Anasema barua za simu zote zina afya moja, zimenona na hazina sura. "Simu inajua Kiingereza kunishinda, sikatai," anasema. "Lakini simu haijui Pampu."

Pampu ni kwao. Ni kitongoji kidogo nje ya Kipsing, upande wa magharibi ya kaunti, na jina lake la zamani watu wamelisahau. Tangu mashine ya kuvuta maji ilipofungwa pale, Everlyne akiwa na miaka tisa, mtu akiulizwa anatoka wapi hujibu "Pampu" na inatosha. Hata leo wanasema hivyo, ingawa pampu yenyewe haijanguruma kwa miaka mitatu.

Huo mngurumo ndio anaoutamani. Anakiri bila haya. Mtaani Kiwanjani kuna mashine ya kusaga unga, na ikiwashwa asubuhi anasimama njiani hata kama amechelewa. Jirani mmoja alidhani ana ugonjwa wa moyo. "Nikifumba macho niko nyumbani," anasema. "Namsikia mama akifukuza mbuzi watoke kwa birika ya kunyweshea. Halafu mwenye mashine anazima, narudi Isiolo."

Miaka ile shirika moja lilikuwa likisaidia Pampu kwa dizeli na vipuri. Mwishoni mwa mwaka 2020 shirika likaomba ripoti, na kamati ya maji ikamtuma mwenyekiti wake, Mzee Ekiru, mjini. Angeenda kwa nani tena, na binti yao alikuwa mtaalamu wa karatasi?

Ekiru alifika na kila kitu kichwani. Lita za dizeli alizitaja mpaka robo. Alieleza jinsi mtunza mashine, Lodio, alivyofanya peke yake kazi ya watu watatu, alivyofua kichujio badala ya kununua kipya, alivyofunga mkanda uliokatika kwa ukanda wa tairi ukadumu miezi minne. Everlyne aliandika huku akitabasamu. Kisha akauliza, kama fomu ilivyotaka, ng'ombe na mbuzi wangapi wanakunywa pale, na watu wangapi.

"Aliniangalia vibaya," anakumbuka. "Akaniuliza, wewe ni mtoto wa wapi? Nikaona haya. Nikafuta swali."

Basi akaandika kilichohesabika. Kurasa mbili, na katika kurasa hizo neno "efficient" likatokea mara tano. Alisema kamati ya Pampu inatumia mafuta kidogo kuliko kamati yoyote anayoijua, watu wachache, vipuri vichache. Alikuwa akisifia kwao na kalamu ilimnogea. Aliichapa kwa karatasi nzito iliyobaki ya kadi za harusi na hakuwatoza hata senti.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Shirika liliwapongeza watu wa Pampu kwa moyo wote. Kwa kuwa wameonyesha wanaweza kujiendesha kwa kidogo namna hiyo, barua ilisema, fedha za dizeli zitahamishiwa kwa jamii ambazo bado haziwezi.

Everlyne anasema shirika halikukosea. Lilisoma kilichoandikwa, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba maji yale yalikuwa uhai wa watu. Kule Pampu, barua ya pongezi ilisomwa mbele ya wote, watu wakapiga makofi. Walikuwa wamevishwa kilemba cha ukoka, na aliyekisuka ni mtoto wao.

Kwa miezi kadhaa walichanga wenyewe, huyu akiuza mbuzi leo, yule kesho. Kisha ukame ukaja, mbuzi wakakosa mnunuzi kwa jinsi walivyokonda, na michango ikakatika. Pampu ilinyamaza mwaka 2022. Malisho ya karibu na visima vichache vilivyobaki yakawa ya kugombaniwa, na familia zikaanza kuondoka moja moja. Nakolong aliondoka na mbuzi waliosalia. Everlyne alipomsihi aje Kiwanjani, mama alimjibu kwa swali.

"Huko kwako mbuzi watakula nini, karatasi?"

Hakuna aliyewahi kumlaumu, na hilo ndilo lililomkaa rohoni kama mfupa kooni. Nani angemlaumu? Watu wa Pampu walichokumbuka ni kwamba barua yake ilipongezwa. Yeye peke yake ndiye aliyeilinganisha ile ripoti na lile jibu, sentensi kwa sentensi, mpaka akaona mahali neno lake liliposhikwa na kurudishwa. Tangu siku hiyo ndipo alipoanza kuweka mikono mapajani. Tangu siku hiyo pia ndipo alipoanza kuuliza chupa tupu.

Jumanne wiki hii Mzee Ekiru alijitokeza tena kibandani. Amezeeka, ila fimbo yake ni ile ile. Mkononi alikuwa na tangazo lililokunjwa mara nne. Shirika jingine linatafuta sehemu tatu katika kaunti ya kufunga pampu za sola, zisizohitaji dizeli, na maombi yanafungwa Ijumaa saa sita mchana.

"Nimekuja kwako kwa sababu ile ya kwanza ulituandikia vizuri," alimwambia, "mpaka wakatupongeza."

Everlyne alimwomba arudi Alhamisi na karatasi ya mwalimu wa shule na majina ya akina mama wote waliokuwa wamejenga karibu na pampu. Hakumweleza zaidi. Anasema usiku wa Jumanne na wa Jumatano usingizi ulimkimbia kabisa.

Leo ni Alhamisi. Saa nne kasoro robo, Ekiru anaketi kwenye kiti cha plastiki, anakubali chai ya Mulki na kuanza kuyataja majina ya akina mama kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Nyumba si mifugo. Nyumba zinahesabika, na kila moja ina mwanamke aliyeijenga. Pampu ilipokuwa ikifanya kazi zilikuwa thelathini na moja. Zilizobaki ni sita. Karatasi ya mwalimu inasema wanafunzi walikuwa themanini na wanne, sasa ni kumi na tisa.

"Mwalimu ndiye amehesabu hao watoto, si mimi," Ekiru anatahadharisha.

"Najua, mzee."

Everlyne hapigi herufi. Mikono iko mapajani.

"Mzee, kuna kitu sijawahi kukuambia."

"Sema."

"Ile dizeli iliondoka juu ya barua yangu."

Ekiru anaweka kikombe chini. "Barua gani? Ile walitupongeza?"

"Hiyo hiyo."

Anatoa nakala kutoka kwenye faili, karatasi nzito ya kadi za harusi, na kumwonyesha kwa ncha ya kalamu. Hapa, hapa, hapa, hapa na hapa. "Hii neno inasema nyinyi mnaweza na kidogo. Nimeisema mara tano. Sijasema hata mara moja kwamba maji ilikuwa inashikilia watu. Walisoma wakaona hamna shida."

Ekiru haijui lugha ile, lakini anaichukua karatasi na kuishika kwa mikono miwili. Anazifuata kwa kidole zile sehemu tano. Lori la mbuzi linapita barabarani likielekea sokoni. Everlyne ameinamisha kichwa na machozi yanamdondoka bila sauti. Mulki, aliyekuwa akikunja vitambaa mlangoni, anaingia ndani na kuwaachia nafasi.

"Uliniuliza ng'ombe ngapi," Ekiru anasema.

"Niliuliza."

"Nikakukasirikia."

"Ndiyo, mzee."

"Basi hiyo barua tuliandika wawili." Anamrudishia karatasi. "Na hii tuandike watatu. Mpigie mama yako. Sisi wanaume tulikuwa tunaleta mifugo, inakunywa, tunaenda. Yeye ndiye alikuwa anakaa pale."

Simu hailii mara mbili. Everlyne anaweka sauti ya nje ili mzee asikie, na baadaye anatafsiri kwa ajili ya gazeti hili.

"Mama, niko na Mzee Ekiru. Tunaandika barua ya pampu. Pampu ilikusaidia nini?"

"Unaniuliza na wewe ulilelewa na hayo maji?"

"Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Kule ng'ambo, kikombe kinaacha kukwaruza mchanga. Ekiru anasogeza kiti karibu na simu.

"Andika nilikuwa nalala," Nakolong anasema.

"Nini, mama?"

"Nilikuwa nalala mpaka jua linichome mgongoni. Nikisikia pampu imewashwa, nageuka upande wa pili nalala tena, najua maji hayaendi popote. Huku silali, mwanangu. Ukilala, mwenzako anamaliza maji. Waambie hivyo. Waambie nimechoka."

"Nitawaambia."

"Na mafiga yangu nimeyaacha pale pale. Sikuyabeba."

Kwa saa moja na nusu inayofuata, mteja anayekuja anaambiwa angoje au arudi. Everlyne anaandika, anafuta, anaandika tena. Mara mbili anafungua daftari la bluu na mara mbili analifunga. Neno "efficient" limemjia, anasema, kama mgeni aliyezoea nyumba, na amelifungia mlango. Habari za Lodio na ukanda wa tairi amezipeleka mwisho kabisa, mistari miwili, kwa heshima ya Lodio.

Anapomaliza, anamsomea Ekiru kwa Kiswahili. Barua ni ya ukurasa mmoja. Inasema pampu iliponguruma nyumba zilikuwa thelathini na moja, na iliponyamaza zimebaki sita. Inawataja wanafunzi wa mwalimu. Inasema pampu ile ilikuwa "effective", mara moja tu, na mara baada ya neno hilo kuna maelezo ya mama mmoja aliyevuka miaka sabini, aliyekuwa akilala mpaka jua limchome na ambaye sasa huamka saa tisa kuchimba mchanga.

"Umetia chumvi?" Ekiru anauliza.

"Hata punje."

"Mbuzi hujataja?"

"Sijataja, mzee. Nimetaja nyumba."

"Basi tuma."

Kutuma ni kazi nyingine. Mtandao wa Isiolo una siku zake, na leo kiduara kinazunguka kwenye kioo mpaka mtu anasahau alichokuwa akingojea. Mulki amerudi mlangoni. "Bismillahi," anasema kwa sauti ya chini, akikikazia macho kile kiduara kana kwamba kinamdai. Saa saba kasoro dakika kumi kinatoweka. Barua imekwenda.

Hakuna anayepiga makofi. Ekiru anasimama, anajikung'uta, anamwekea Everlyne mkono kichwani kama anayembariki mtoto, kisha anashika njia ya kutafuta gari la Kipsing kabla jua halijamgeukia. Mulki anabaki amesimama. "Miaka yote hii nimemwona akiwaandikia watu, wanapata kazi, wanakuja na soda kumshukuru," anasema. "Yeye hajawahi kuomba kitu chake. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Majibu yatatoka baada ya miezi miwili. Sehemu zinazotakiwa ni tatu tu, na Everlyne hajui ni wangapi wameomba. Anazijua barua. Anajua kwamba iliyo nzuri inaweza kushindwa na iliyo ya ovyo ikapita, na kwamba kuna mtu mahali fulani ataisoma hii akiwa na njaa au na usingizi. 

Mpango wake ni mdogo. Pampu ikirudi, atafunga kibanda wiki nzima, amsaidie mama yake kurudisha mbuzi na kujenga nyumba upya kuzunguka yale mafiga. Baadaye atarejea Isiolo, kwa sababu kazi iko huku na karo ya wanawe inatoka huku. Hatarajii tena kuishi Pampu. Anatamani tu kuwe na Pampu ya kutamaniwa, yenye watu.

Saa kumi na moja jioni anafunga printa kwa kitambaa na kuirudisha kompyuta mkobani. Kesho, kama kawaida, atapiga simu saa kumi na mbili na robo, na anajua itapokelewa kabla ya mlio wa pili.

"Unajua ninachongojea?" anasema, akiipangusa simu yake vumbi kwa ncha ya leso. "Nangojea asubuhi moja nipige, ilie, ilie mpaka ikatike yenyewe. Sitapiga tena. Nitajua mama amelala."